Aliulizwa Mara Tatu

Ukitaka kumwona Bi Kheiria amepandwa na hasira, mtajie mfalme wa Urusi. Si hawa wa siku hizi, la. Yule Petro wa zamani, aliyekufa yapata miaka mia mbili na sabini iliyopita, ambaye vitabu vyote vinamwita Mkuu. Bi Kheiria hakuwahi kumwita hivyo. Alimwita "yule bwana", kwa sauti ile ile ambayo wanawake wa Al Amerat huitumia wakimtaja fundi aliyewavurugia bomba la maji kisha asionekane tena.

Mwaka huo wa 2001 alikuwa na miaka hamsini na minane. Alikuwa amestaafu ualimu, anaishi peke yake katika nyumba ndogo nyuma ya milima, na kila Jumatatu baada ya sala ya alasiri majirani zake wawili walikuja kunywa kahawa. Mmoja alikuwa Khole, mzaliwa wa Unguja kama yeye, mwanamke asiyeweza kukaa na jambo moyoni hata kwa nusu saa. Wa pili alikuwa Sabah, ambaye wazee wake walikuwa na duka Tabora kabla ya kuhamia Omani. Sabah alikuwa mpole, lakini akishika swali haliachii. Kahawa ilikuwa kisingizio tu. Walichokifuata ni habari za Evdokia, mke wa kwanza wa yule bwana, ambazo Bi Kheiria alikuwa akiwasimulia kipande kwa kipande.

Alizijua kwa kuzisomea. Alikwenda Moscow kutoka Unguja mwaka 1963, msichana wa miaka ishirini aliyevaa koti la kuazima, akasoma historia miaka mitano. Huko huko akaolewa na Mahfoudh, mwanafunzi wa uhandisi, na huko huko akamzaa mtoto wao mmoja, Taimur. Walipofika Maskati mwaka 1971, Mahfoudh alihofu kwamba mtu aliyetoka Moscow atatazamwa kwa jicho baya, akaanza kuwaambia watu kwamba alisoma Cairo. Shahada ya mkewe akaifungia kabatini. Alimkataza hata kumbembeleza mtoto kwa Kirusi. Basi mwanamke aliyehitimu historia akaenda kufundisha hesabu katika shule ya wasichana, kwa kuwa siku hizo aliyejua kusoma na kuandika alikuwa mwalimu tosha. Mahfoudh naye akapanda cheo baada ya cheo, mpaka akawa mtu wa kufunguliwa mlango wa gari.

Na mtu wa kufunguliwa mlango wa gari, bila shaka, anataka mke wa kufanana na gari. Lakini tusitangulie, maana hayo Bi Kheiria hakuwa akiwasimulia majirani. Yeye alisimulia ya Evdokia.

Evdokia aliolewa mwaka 1689, yeye ana miaka kumi na tisa, bwana harusi bado hajatimiza kumi na saba. Akamzalia mtoto wa kiume, jina lake Aleksei. Haukupita muda mrefu yule bwana akamchoka. Alimwona wa kizamani, wa sala na mikufu na wazee wa nyumbani, na yeye mwenyewe alikuwa amependa mambo ya Ulaya, merikebu zao, nguo zao, na binti mmoja wa mfanyabiashara wa mvinyo. Akaenda zake Ulaya kutembea zaidi ya mwaka. Kutoka huko akawaandikia wakubwa wa serikali yake barua: mwambieni mke wangu aingie utawani mwenyewe, kwa hiari yake.

"Kwa hiari ya nani?" Sabah aliuliza siku waliyofika hapo.

"Ndiyo hapo," alisema Bi Kheiria, akagonga kikombe juu ya sinia hadi Khole akakitazama kama hakijapasuka.

Yule bwana aliporudi alikaa na mkewe saa nne nzima, akimshurutisha akubali. Evdokia akakataa. Hakulia, hakuzimia, hakujificha nyuma ya mtu. Alisema hapana, kwa mdomo wake, saa nne. Wakamtia katika gari la farasi lisilo na hata pambo, wakampeleka nyumba ya watawa katika mji wa mbali uitwao Suzdal. Mtoto wake wa miaka minane akapewa shangazi yake. Huko utawani wakamkata nywele na kumpa jina jipya, Elena, lile alilopewa na wazazi wake lisitajwe tena. Na vitabu, alisema Bi Kheiria huku mishipa ya shingo imemtoka, vitabu vikaandika kwamba malkia aliingia utawani. Aliingia! Utadhani aliamka asubuhi akavaa viatu akaenda.

Majirani walimchukua Evdokia kama mtu wa mtaani kwao. Khole alitaka kujua ndugu zake wanaume walikuwa wapi, akaambiwa waliogopa, na baadhi yao wakapelekwa mbali. Akasema ndugu wa kuogopa wako kila pahala. Sabah aliuliza kama huko hakukuwa na kadhi. Kuna sehemu moja ya hadithi ambayo Bi Kheiria aliipita mbio mbio, pale ambapo Evdokia, baada ya miaka mingi ya upweke, alipata utawani mwanamume wa kumsikiliza. Alisema tu kwamba alipata rafiki, akamimina kahawa. Sabah alimtazama, asiulize, na kwa Sabah kutouliza ni heshima kubwa.

Jumatatu moja ya mwezi wa Februari walikuwa wamefika kwenye mwaka 1718 wakati gari lilipoegeshwa nje. Waliingia wanaume wawili. Wa kwanza alikuwa Khattab, mzee mwenye fimbo na tasbihi, kaka yake Mahfoudh. Wa pili alikuwa Taimur, mtoto wa Bi Kheiria, sasa mwanamume wa miaka thelathini na tatu, mhandisi wa mitambo katika Bandari ya Sultan Qaboos. Khole na Sabah walijitanda vizuri wakaenda jikoni, na huko jikoni, kwa ukweli wa Mungu, hawakuosha hata kijiko.

"Masalkheri, khaala," alisema Taimur.

Khaala. Mama mdogo. Ndivyo alivyofundishwa tangu ana miaka minane, kwamba mama ni Mazoon, mke mpya wa baba yake, na huyu wa Al Amerat ni khaala, wa kwenda kumpa mkono siku ya Idi, kunywa maji, na kuondoka. Miaka ishirini na mitano Bi Kheiria aliitikia jina hilo kwa tabasamu, na kila akiliitikia lilimchoma palepale.

Khattab ndiye aliyesema. Mahfoudh yuko hospitali wiki ya tatu, moyo umechoka, madaktari wamewaambia watu wake wajiandae. Anawaomba radhi watu wote aliokaa nao. Desturi ni hiyo, Unguja na Maskati: mgonjwa wa kuondoka huombewa msamaha kwa kila aliyemkosea, asende na mzigo wa mtu. Basi wamekuja kwa Bi Kheiria, waseme naye, kama kulikuwa na lolote baina yao, amsamehe.

Kama. Kama kulikuwa na lolote. Bi Kheiria aliitazama fimbo ya Khattab, akakumbuka kwamba mkono huo huo ulioishika ndio uliogonga mlango wake mwaka 1976.

Siku hiyo Mahfoudh alikuwa hayuko nyumbani, na kutokuwepo kwake kulipangwa. Alimtuma kaka yake na mashahidi wawili. Wakasimama nje ya mlango wa chumba, Khattab akasema Mahfoudh anataka waachane kwa khului, yaani iandikwe kwamba mke mwenyewe ndiye aliyeomba afunguliwe, hivyo hapatakuwa na lawama wala maneno, na ukoo wa Mazoon hautasema umempa binti yao mtu aliyemfukuza mama wa mtoto wake. Akamuuliza: umeridhi? Bi Kheiria alikuwa nyuma ya mlango, meno ameyabana. Mama yake alimlea kwamba mwanamke mwenye heshima akitukanwa hajibu. Anayejibu amelishusha tusi mpaka kwake. Akanyamaza. Khattab akauliza mara ya pili, kisha ya tatu. Akanyamaza, tena kwa kiburi, akiamini kwamba duniani hakuna hapana kubwa kuliko ile.

Wanaume wale wakaondoka wameridhika kabisa. Kwao mwari akiulizwa siku ya ndoa na akanyamaza, huwa ameona haya, amekubali. Na kila mtu aliyewahi kukaa katika harusi ya Kiswahili anaijua ada hiyo. Wakaitwaa ada ya mwari wakamvika mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, mama wa mtoto, aliyesimama nyuma ya mlango amejaa hasira. Wakaenda wakashuhudia kwamba ameridhi, na ikaandikwa hivyo. Wiki ya pili yake Taimur alichukuliwa, akaambiwa mama yako kajitakia mwenyewe kwenda. Mtoto wa miaka minane akiambiwa mama yake amejitakia kumwacha, haombi ushahidi. Anaamini, na anakua nayo.

Bi Kheiria alipotaka kusema, ikawa kila mlango anaoufikia umeshatanguliwa na karatasi. Kaka yake alimwambia aache, jambo limeshapita, asiwatie watu aibu. Akaacha. Hilo la kuacha ndilo lililomla zaidi, kwa sababu Evdokia alisema hapana saa nne na bado wakamchukua, na yeye hata hiyo hapana hakuisema.

Sasa Khattab alikuwa akingoja jibu. Bi Kheiria alimwambia kwamba radhi haipelekwi na mjumbe, atakwenda mwenyewe kesho asubuhi. Mzee alitaka alichukue neno hapo hapo amfikishie mgonjwa, akasema huenda kesho isifike. Bi Kheiria akasema basi amwombe Mungu ifike.

Wageni walipoondoka, Khole alitoka jikoni machozi yamemlenga. Alimsihi shoga yake amsamehe tu yule mtu, ana nini sasa, maiti mtarajiwa, na kusamehe kuna thawabu kubwa. Sabah alikuja nyuma yake na kitambaa cha kufutia vyombo ambacho hakikuwa na tone la maji.

"Anataka asamehewe," Sabah alisema. "Kasema kafanya nini?"

Khole alikitwaa kile kitambaa kikavu, akafutia macho. Miaka yote hii na yeye aliamini, kama mtaa mzima, kwamba Kheiria ndiye aliyeomba kutoka, kwa kuwa alisoma sana na wanawake waliosoma sana hawavumilii. Bi Kheiria aliwakalisha, na badala ya kujitetea akawamalizia mwaka 1718. Yule bwana alimgeukia mtoto wake Aleksei, akamshitaki kwa uhaini, akamtia gerezani, na mtoto akateswa, akafa huko. Na Evdokia akaletwa Moscow chini ya ulinzi, akashikishwa kalamu, akaandika barua ya kumwomba mfalme msamaha, asije naye akauawa. Yeye aliyefukuzwa. Yeye aliyenyang'anywa jina na mtoto. Yeye ndiye aliyeomba radhi, na karatasi hiyo ikahifadhiwa vizuri, ikasomwa na watu karne baada ya karne.

"Mie nnaijua karatasi moja tu mbaya kuliko hiyo," alisema Bi Kheiria. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu walipojuana, akawaambia ya mlango.

Asubuhi Taimur alikuja kumchukua. Barabara ya mlimani inapanda na kuteremka, magari yamefuatana ya watu waendao kazini, na Taimur aliendesha kwa uangalifu, kama anavyowaendeshea watu wazima wote. Karibu na mteremko wa mwisho alisafisha koo. Alisema anamshukuru kwa kukubali. Alisema yeye hana kinyongo, hajawahi kuwa nacho.

"Uliamua mambo yako, khaala. Kila mtu na maisha yake."

Aliyasema kwa upole kabisa, na upole ule ulimuuma Bi Kheiria kuliko tusi. Angeweza kumjibu hapo hapo. Maneno yalikuwa yamejaa kinywani. Lakini neno la mwanamke ndani ya gari, mbele ya mtoto wake tu, lingekuwa neno lake dhidi ya karatasi, na karatasi ingeshinda kama ilivyoshinda siku zote. Aliyataka yatoke kinywani mwa walioiandikisha. Evdokia hakupata nafasi hiyo, mtoto wake alikufa ngomeni. Wa kwake huyu hapa, mzima, ameshika usukani, na Mahfoudh akiondoka leo bila kusema, Taimur atazeeka akiamini kwamba mama yake alimtupa.

Mazoon alikuwa nje ya chumba cha wagonjwa. Alimpa Bi Kheiria mkono, akasema atakwenda kuleta chai, na akawapisha. Si yeye aliyegonga mlango mwaka ule, na Bi Kheiria hakuwahi kumchukia sana. Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, naye nani alimuuliza. Chumbani alikuwamo Khattab na tasbihi yake, na kitandani Mahfoudh, amekonda, ndevu nyeupe, akili zake timamu. Aliomba maji. Taimur akamnywesha, na alisema ahsante kwa sauti iliyosikika mpaka dirishani. Bi Kheiria alilitia hilo akilini: mtu huyu anaweza kusema.

"Kheiria," alisema Mahfoudh, "nisamehe yote."

"Yote yapi?"

Mahfoudh aliutazama mkono wake uliochomwa sindano ya maji. Khattab alianza kusema kwamba mgonjwa asichoshwe, Bi Kheiria akainua kidole, na mzee yule akajikuta amenyamaza.

"Nakuuliza mbele ya mtoto wetu. Mimi niliomba kuachwa?"

Mahfoudh alinyamaza. Mashine iliyokuwa pembeni ya kitanda iliendelea na mlio wake. Bi Kheiria hakuharakisha. Alikuwa mwalimu miaka ishirini na sita na alijua kungoja jibu. Akauliza mara ya pili, kwa maneno yale yale. Macho ya Mahfoudh yalikwenda kwa Taimur, yakarudi, yakafumba. Akauliza mara ya tatu. Midomo ilitikisika kidogo, na hakikutoka kitu.

Bi Kheiria alimgeukia Khattab.

"Shemegi, kaulizwa mara tatu kanyamaza. Kwenu nyie mtu akinyamaza mara tatu huwa kasema nini?"

Tasbihi ilisimama. Khattab alisema huyu mgonjwa. Bi Kheiria akasema hakuuliza ugonjwa. Akamuuliza kama anaikumbuka siku aliyosimama nje ya mlango wake na mashahidi wawili, na alimuuliza mara ngapi, na alisikia neno gani kutoka ndani. Khattab alimtazama ndugu yake aliyelala, akamtazama Taimur, na kwa kuwa alikuwa mzee, na kifo kilikuwa chumbani humo kikimsikiliza na yeye, akasema.

"Mara tatu. Hatukusikia neno."

"Mkenda mkasema nini?"

"Tukasema karidhi."

Taimur alikuwa ameshika ile bilauri ya maji. Aliiweka mezani polepole, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza haikukaa sawa. Aliutazama uso wa baba yake muda mrefu, akingoja macho yale yafumbuke yakanushe. Hayakufumbuka. Kisha akamgeukia Bi Kheiria, na sauti iliyotoka haikuwa ya mhandisi wa bandarini.

"Kwa nini ulinyamaza, mama?"

Neno hilo alilingoja miaka ishirini na mitano, na sasa limekuja limebeba swali. Bi Kheiria alishika ukingo wa kitanda.

"Nilidhani kunyamaza ni hapana," alisema. "Nilidhani kila mtu anajua."

Mahfoudh alikuwa akilia bila sauti, machozi yanapotelea masikioni, na Bi Kheiria aliyaona wala hayakumfurahisha kama alivyotarajia. Alikuwa na hasira bado. Alikuwa na hasira kwa ajili ya shahada iliyooza kabatini, kwa ajili ya Idi zote za kupeana mkono na maji, kwa ajili ya malkia mmoja aliyeandikiwa kwamba aliingia mwenyewe. Khattab, ambaye desturi ilikuwa haijamwachia, alisema kwa sauti ya chini kwamba basi, bibi, kwa kuwa mambo yameshasemwa, je, umemsamehe?

Zamani angenyamaza. Aliuweka sawa ushungi wake, akasema kwa sauti ya darasani, kila neno peke yake.

"Langu nimemsamehe. Nasema kwa mdomo, msije mkasema nilinyamaza. Lakini aliyeambiwa mama yake kamtupa si mimi. Hilo la Taimur. Mwombeni mwenyewe."

Khattab alimgeukia Taimur. Mgonjwa alifumbua macho, akamtazama mtoto wake, na kwa shida akaunyoosha mkono ule wenye sindano. Mzee akauliza: umemsamehe baba yako? Taimur hakujibu. Akauliza mara ya pili, sauti imemkatika. Hakujibu. Akafungua mdomo aulize mara ya tatu, akamtazama Bi Kheiria, akaufunga.

Taimur alinyamaza, na safari hii hapakuwa na mtu chumbani mle aliyethubutu kusema maana yake.